Mwizi Anayejiongezea Pauni Moja

Benchi letu liko mtaa wa Faggala, Kairo, limebanwa kati ya mlango wa kiwanda kidogo cha chapa cha Shukrallah na jiko la kahawa la Zanati. Ukikaa kulia pua inajaa wino, ukikaa kushoto inajaa hiliki. Mimi hukaa katikati, maana kazi yangu ni kufunga vitabu, nashona na kubandika, na wananiita Gundi. Kushoto kwangu hukaa Mitwalli, ambaye sheria hakusomea hata siku moja, ila ana kesi ya nyumba ya urithi iliyolala mahakamani miaka kumi na tisa, basi tunamwita Wakili. Pembeni yake ni Bayumi, yaani Redio, redio yenyewe haina kitufe cha kuzimia. Shukrallah tunamwita Risasi, kwa sababu miaka thelathini alipanga herufi za risasi kwa vidole kabla kompyuta haijaja kumstaafisha bila mafao. Jumatano ile ya Julai jua lilikuwa limeinama mpaka kwenye magoti yetu, na Risasi alikuwa na furaha ya kuudhi.

Furaha yenyewe ilitokana na programu mpya. Mwanzoni aliikataa miaka mitano, akisema mashine haiwezi kumfundisha mtu kusimamisha safu. Sasa ameipenda kuliko mkewe. Wewe unaingiza tarakimu tu, anasema, yenyewe inachora jedwali, inapanga safu, inaweka alama za maelfu, kisha chini kabisa inaandika jumla. Hujumlishi wewe. Inajumlisha yenyewe.

Risasi: Na leo ndiyo inaanza kazi! Jedwali la Haji Hasaballah, mistari hamsini na minane ya michango ya familia, safu mbili, mwaka uliopita na mwaka huu. Njooni muone safu inavyosimama. Nimeondoa takataka zote. Hata vichwa vya safu nimevinyoa.

Redio: Umewanyoa kina nani?

Risasi: Vichwa vya safu, we Redio! Kila kitu kilichokuwa kinatokeza nje kama kiwiko, nimekata. Sasa tarakimu tupu, juu mpaka chini, wima.

Haji Hasaballah alikuwa amefika kuchukua vijitabu vyake. Huyu si mtu wa benchi, anatutembelea mara moja kwa mwaka. Ni mtunza hazina wa jumuiya ya mazishi ya watu wa Nag Tawila waishio Kairo, wale ambao mtu wao akifa hapa mjini, jumuiya inanunua sanda, inakodi gari, inamrudisha kijijini akalale kwa babu zake. Kazi hiyo ameishika mwaka wa thelathini na moja, na hajawahi kulipwa hata glasi ya chai. Alasiri ile, baada ya sala, watu mia mbili wangekuwa wanamngoja kwenye ukumbi wao kule Abdin, kila mmoja akabidhiwe kijitabu cha mapato na matumizi. Mimi nilikuwa nangoja kurasa nizishone. Haji alikuwa ameketi na daftari lake la mkono mapajani, anangoja kusifiwa.

Risasi akatoka na karatasi ya kwanza. Furaha ilikuwa imemtoka usoni.

Risasi: Haji... daftari lako linasema jumla ya mwaka huu ni ngapi?

Haji: Laki mbili, elfu kumi na mbili, mia tatu na sitini.

Risasi: Mashine inasema laki mbili, elfu kumi na tatu, mia nane na tano.

Haji: Basi mashine yako haijui kuhesabu.

Risasi: Na mwaka uliopita? Ule niliouchapa kwa mkono, nikakubandikia jumla uliyonipa?

Haji: Laki moja, elfu themanini na saba, mia tisa kumi na tano. Unajua fika. Watu wote wanayo majumbani.

Risasi: Mashine inasema laki moja, elfu themanini na tisa, mia tatu hamsini na tisa.

Haji alifungua daftari, akaanza kujumlisha midomo ikimcheza, kidole kikishuka. Hujumlisha mara tatu: kutoka juu, kutoka chini, halafu anaanzia katikati ili asije akazoea kosa lake mwenyewe. Alipomaliza akasema ni ileile. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Wakili: Tusiingie kwenye jambo kwa pupa. Tofauti ni ngapi?

Mimi: Mwaka huu elfu moja, mia nne, arobaini na tano.

Wakili: Na mwaka uliopita?

Mimi: Elfu moja, mia nne, arobaini na nne.

Wakili: Ahaa! Mmesikia? Mwaka uliopita arobaini na nne, mwaka huu arobaini na tano. Hilo si kosa, jamani. Kosa halina mpango. Hapa pana mtu.

Redio: Mtu gani?

Wakili: Mwizi. Tena mwizi mtaratibu. Kila mwaka anajiongezea pauni moja, kwa ajili ya kupanda kwa maisha.

Redio: Pauni moja! Siku hizi pauni moja hununui hata kiberiti! Mwizi gani huyo?

Wakili: Mwenye subira. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Na haraka haraka haina baraka!

Mimi: Nyie wawili, wahenga wenyewe wakiwasikia wataomba methali zao zirudishwe.

Nilisema kwa ukali, na nilikuwa nimekasirika kweli. Haji alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwao. Mtu huyu alimpeleka marehemu baba yake Zanati kuzikwa kijijini kwao usiku wa mvua, na wala Zanati si wa Nag Tawila. Na hapa wanazungumza mwizi, mwizi, mbele ya daftari lake!

Haji: Waache, Gundi. Wanasema watakayoyasema wengine baada ya Alasiri.

Redio: Hatukusemi wewe, Haji! Mungu apishe mbali. Hebu tutumie akili. Pesa zimezidi, hazikupungua. Sasa nani analeta pesa asiandikwe? Marehemu!

Mimi: Marehemu?

Redio: Ndiyo! Kwenye orodha kuna jina la marehemu, familia haijalifuta, na yeye bado anatoa mchango wake. Kisirisiri. Kwa kuwashukuru kwa sanda.

Wakili: Na pauni ya nyongeza?

Redio: Hata kule maisha yamepanda.

Zanati alicheka mpaka kahawa ikafurika jikoni. Haji hakucheka. Alimwita.

Haji: Zanati, nipe kahawa sada.

Zanati akaacha kucheka. Kwetu mtu haagizi kahawa bila sukari mchana wa kawaida. Hiyo ni ya matangani. Akaipika, akaileta kwa mikono miwili, na Haji akaishika tu bila kuinywa.

Nikaona nifanye la maana. Nikatoa simu yangu, nikamwambia Redio anisomee mistari kutoka kwenye daftari nami nibonyeze. Ilikuwa kosa langu, nakiri. Kila familia aliyoifikia Redio ilikuwa na habari yake.

Redio: Nyumba ya Abdel-Mughni, elfu nne mia mbili. Huyu ndiye aliyeoa mara ya tatu, unamjua? Nyumba ya Qinawi, elfu mbili mia nane... hapana, hiyo ya mia nane ni ya shemeji yake, waligombana kuhusu nyati.

Mimi: Soma tarakimu!

Redio: Ndizo nazisoma!

Mara ya kwanza simu ikatoa jumla ya Haji, kamili. Nikaruka. Wakili akasema mara moja haitoshi, mahakamani shahidi anahojiwa mara mbili. Tukarudia, nyati akarudi, ikatoka namba isiyofanana na ya Haji wala ya mashine.

Wakili: Sasa tuna jumla tatu. Kesi imekuwa nzito.

Risasi: Mashine haikosei, Wakili. Nimeizima, nimeiwasha. Nimefuta jumla, ikaandika ileile. Ningependa ikosee, wallahi, kama mnavyosema ninyi. Haikosei.

Wakili: Basi mimi nakwambia imetumwa. Programu hizi zinatengenezwa ng'ambo, si ndiyo? Zinaanza kwa kukuongezea. Unafurahi. Unazoea. Siku umelala, zinapunguza.

Redio: Zinapunguza wapi? Hizo ni pesa za karatasini!

Wakili: Ndiyo hapo sasa! Wanaanzia karatasini. Leo jumuiya ya mazishi ya Nag Tawila, kesho hazina ya dola!

Redio: Mimi naona ni jini. Kiwanda hiki cha Risasi kilikuwa zizi la punda zamani. Babu yangu alisema.

Risasi: Jini anajua kujumlisha?

Redio: Jini anajua kila kitu. Ila kuandika tu ndiyo hawezi, kwa hiyo anangoja mashine.

Ungedhani tumefika mwisho wa upuuzi, lakini Wakili ana miaka kumi na tisa ya mazoezi. Akasimama, akaweka mkono mmoja kifuani, akapendekeza iandikwe hati kwamba jumuiya imepokea zawadi kutoka kwa mtu asiyejulikana, asiyetaka kujulikana, ambaye kila mwaka atatoa pauni moja zaidi mpaka siku ya kiyama, na hati hiyo isainiwe na benchi zima. Alikuwa tayari anatafuta kalamu. Hapo Haji akaweka kikombe chini.

Haji: Basi. Nimeamua.

Aliingiza mkono kwenye kanzu, akatoa pochi ya ngozi iliyokatika kingo, akaanza kutoa noti.

Haji: Mbili jumlisha mbili najua bado. Miaka yote miwili ni elfu mbili, mia nane, themanini na tisa. Nazitia kwenye mfuko wa jumuiya, jumla ya mashine inakuwa kweli, na Gundi anashona vijitabu. Nikifika ukumbini nitawaambia macho yangu yamechoka, watafute mtu mwingine.

Mimi: Haji, ukilipa umekiri!

Haji: Nifanye nini, mwanangu? Karatasi ya mashine imenyooka, yangu ina mikunjo na madoa ya chai. Wewe ungekuwa kijana wa pale ukumbini ungeamini ipi?

Ningeamini ya mashine, na nilijichukia. Watu wasiokula cha mtu wana udhaifu mmoja: ukiwaambia wamekosea, wao ndio wa kwanza kuamini. Mwizi halisi angekwisha kutufokea sote na kuvunja vikombe. Haji alikuwa anahesabu noti za mia mia juu ya benchi letu.

Ndipo alipofika yule mama. Mnene kiasi, kitambaa cha zambarau, mfuko wa maembe mkononi, jasho linamtiririka. Akasimama kati yetu na jua, na kwa kivuli hicho peke yake tungemshukuru.

Mama: Salaam alaikum. Hapa ndipo wanapochapa kadi za harusi?

Risasi: Ndipo, bibie. Karibu. Ila tuna msiba kidogo.

Mama: Poleni. Nani kafa?

Redio: Hajafa bado.

Mama: Mimi naitwa mama Rawya. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Mama mkwe wake ni mtu wa tabu, anataka kadi iwe na tarehe zote mbili, ya kawaida na ya Hijria. Ya kawaida ninayo. Hebu niambieni, ndugu zangu, sasa hivi ni mwaka gani wa Hijria?

Swali dogo namna hiyo. Nikajibu nusu.

Mimi: Mwezi ni Muharram. Hilo nina hakika, mwaka umeanza juzi juzi.

Mama: Mwezi ninaujua. Mwaka.

Wakili: Mwaka... kisheria, bibie, mwaka una tafsiri nyingi.

Redio: Ni elfu moja mia nne na... na kitu. Nilisikia msikitini Ijumaa, sema jirani alikuwa ananong'ona.

Mama: Waislamu watatu hawa! Na wewe mwenye kiwanda?

Risasi: Mimi ni Mkristo, mama. Mwaka wetu wa Mashahidi, wa kanisa, naujua, mwezi wa Abib, elfu moja mia saba na arobaini. Huo unakufaa?

Mama: Mama mkwe atanila nyama.

Haji aliendelea kuhesabu noti zake. Hakuinua hata kichwa. Alijibu kama mtu anavyojibu salamu, bila kufikiri.

Haji: Jumuiya yetu inafunga hesabu kwa Hijria, mwanangu, kama zaka. Juzi tumefunga mwaka wa elfu moja, mia nne, arobaini na tano. Basi huu ni...

Noti ya mia ikabaki hewani.

Haji: Gundi. Mashine imenizidi ngapi mwaka huu?

Mimi: Elfu moja, mia nne...

Sikumaliza.

Haji: Na mwaka uliopita?

Mimi: Arobaini na nne!

Haji: Risasi! Juu ya safu zangu umeandika nini?

Risasi: Mwaka, Haji. Kama kila siku. Kila safu na mwaka wake, halafu ile herufi ya Hijria...

Tulimwona akipauka. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Risasi: Herufi nimeinyoa.

Redio: Umeinyoa?

Risasi: Ilikuwa inatokeza! Tarakimu zote zimesimama wima, herufi moja imekaa nje kama mguu wa mtu aliyelala. Sikuvumilia. Nikaifuta, safu ikapendeza. Yesu wangu! Ilipokuwa na herufi, mashine ingejua hayo ni maneno. Nilipoinyoa ikaona namba kama namba nyingine, ikadhani mwaka ni mtu wa Nag Tawila kaleta mchango!

Tuliingia ndani wote kwa pamoja, mlango ukakataa, Wakili akakwama na mfuko wa maembe wa mama Rawya. Risasi alikaa mbele ya kompyuta. Akaenda juu ya safu ya mwaka huu, akarudisha ile herufi moja nyuma ya mwaka. Sisi macho chini kabisa, kwenye jumla. Namba ikajibadilisha yenyewe, bila mtu kuigusa: laki mbili, elfu kumi na mbili, mia tatu na sitini.

Nilipiga kelele kama mtu aliyefungiwa bao la ubingwa na timu yake. Risasi akahamia safu ya pili, akarudisha herufi ya pili. Laki moja, elfu themanini na saba, mia tisa kumi na tano. Mpaka pauni ya mwisho, jumla mbili za penseli za mzee, na madoa yake ya chai! Zanati alikuwa mlangoni anagonga sinia kwa kijiko. Redio alimkumbatia Wakili, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka waliogombea kiti cha kivulini.

Haji alisimama nyuma yetu, mgongo umenyooka. Alisogea akaitazama skrini kwa karibu, akatoka juu, akaenda chini.

Haji: Mwaka mzima nimeiandika namba hii kwenye kila risiti. Siku mia tatu hamsini na nne. Imenijia mbele ya uso nisiijue!

Risasi: Nisamehe, Haji. Nusura nikuzike kwa ajili ya urembo.

Haji: Sema kosa ni la nani.

Risasi: Langu. Mashine ilijumlisha nilichoiwekea. Penseli yako ilijumlisha pesa.

Haji: Rudia hiyo, wakusikie.

Akairudia, kwa sauti, na mlango wazi. Haji akachukua noti zake moja moja kutoka benchini, akazirudisha kwenye pochi. Niliona raha ambayo sijui niieleze vipi. Nikakimbilia sindano yangu, maana vijitabu mia mbili havijishoni, na nilikuwa nimeapa vitafika Abdin kabla ya imamu kutoa salamu.

Wakili: Mimi nilisema tangu mwanzo hapa pana mtu.

Mimi: Ulisema mwizi!

Wakili: Nilisema mtu anayejiongezea moja kila mwaka. Sasa nani mwingine anajiongezea moja kila mwaka, kama si mwaka wenyewe? Nimeshinda kesi!

Na kweli, ukiangalia sana, alikuwa amekaribia. Tukamwachia. Miaka kumi na tisa mtu hajaonja ushindi, ni ukatili kumnyang'anya.

Redio: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Tukageuka kumtazama sote. Tangu nimjue Redio, hiyo ndiyo methali ya kwanza kukaa mahali pake, na mwenyewe hakujua.

Haji: Zanati! Mwaga hii sada. Nipikie nyingine, sukari mpaka kijiko kisimame.

Zanati: Haji, buni imeisha. Kikombe cha mwisho ndicho hicho ulichokiacha kipoe.

Haji: Basi lete sukari niitie humohumo. Siiachi.

Akatiwa vijiko vitatu, akakoroga, akainywa imepoa, kwa mkupuo, akapangusa masharubu. Mama Rawya alikuwa bado amesimama na maembe yake. Alikuwa ametutazama tukilia, tukicheka, tukikumbatiana na kugonga sinia, na subira ilimwisha.

Mama: Hongereni, Mungu awazidishie. Lakini swali langu hamjalijibu. Mwaka ni wa ngapi?

Benchi zima tukamgeukia Haji. Alifunga daftari lake, akalitia kwapani, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusikiwa na mji mzima.

Haji: Elfu moja, mia nne, arobaini na sita, binti yangu. Na waambie wasiijumlishe kwenye mahari.